Tepu Iliyozidi Kidole

Kama kuna mtu chini ya jua aliyejua kununua, basi mtu huyo alikuwa Bi Ofa. Mwulize mwenyewe atakwambia. Jina hilo alibandikwa na mafundi wa karakana ya mjomba wake, siku alipoingia kazini na viatu vipya vya bei ya kutupa ambavyo, vilipotazamwa vizuri, vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto. Hakukasirika. Aliwaambia mguu huzoea, akavivaa mpaka vikaisha, na hata leo kidole gumba chake cha kulia kina msimamo wake.

Alikuwa msichana mpole, asiye na haraka, mwenye jicho la kutazama. Shule aliishia ya msingi, lakini useremala aliusoma kwa macho. Akiwa amekaa pembeni akipiga msasa miguu ya viti, alimtazama mjomba anavyoshika randa, anavyokagua ukingo wa ubao kwa jicho moja, anavyougonga msumeno kwa ukucha na kuusikiliza. Alitazama yote. Kama ni macho, alikuwa nayo. Shida ilikuwa kile kilichokaa nyuma ya macho, na hilo hata yeye habishi.

Mle karakanani mlikuwa na meza moja tupu, karibu na dirisha. Fundi wake alikuwa amehama, akaondoka na vifaa vyake vyote, akabakiza alama za patasi na doa la gundi. Bi Ofa aliitamani meza ile kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Mwenye meza ni fundi. Asiye na meza ni mtu wa msasa.

Asubuhi moja mjomba akamwita.

"Mama Cherehani anataka kabati la vitambaa. Likae pale kwake, kati ya ukuta na dirisha. Hilo ni lako, peke yako, tangu ubao wa kwanza mpaka bawaba ya mwisho. Likikaa mahali pake, meza ile ni yako."

"Na lisipokaa, Mjomba?"

"Tutaendelea kupendana. Msasa unao."

Bi Ofa akaitazama mikono yake mitupu. "Na vifaa?"

Hapo mafundi wote wakainamia kazi zao ghafla. Katika karakana ile hakuna aliyeazima kifaa wala kuazimwa. Chombo cha fundi kilikuwa kama mswaki wake. Unaweza kukisifia, kukigusa huwezi.

"Utanunua vyako," mjomba akasema. "Nenda kwa yule muuzaji wangu wa kule juu, mwambie nimekutuma. Na usiende kule."

"Kule wapi?"

"Unapajua."

Alipajua. Nani asiyepajua? Lakini kwanza alitii. Alikwenda kwa muuzaji wa mjomba, akashika nyundo moja nzuri, nzito, mpini wake laini kama umepakwa mafuta. Akauliza bei. Akajibiwa. Akairudisha nyundo rafuni polepole, kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto aliyelala, akaaga kwa heshima. Baada ya hapo miguu yake, yote miwili, ikampeleka kule.

Kule kulikuwa na duka lenye maandishi mekundu juu ya mlango, BEI ZIMELALA, na kipaza sauti kilichokuwa kikiyarudia maneno hayo tangu asubuhi mpaka majirani walikuwa wakiyaota. Ndani, vifaa vilimwagwa kwenye makapu ya plastiki kama viazi: koleo, spana, bisibisi za rangi zote, patasi zilizofungwa kwa mpira. Mwenye duka, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya mtangazaji, alimpokea mlangoni.

"Karibu dada! Bei zimelala, ziamshe mwenyewe!"

"Nyundo hii kichwa chake kinacheza."

"Kinacheza kwa sababu ni kipya. Kikizoea kitatulia."

Bi Ofa alimtazama kwa heshima. Hapa sasa alikuwa amekutana na mtu wa akili kama zake. Akaichukua nyundo. Akachukua randa na bisibisi, bisibisi za kijani, kwa kuwa kijani ni rangi ya kutuliza. Msumeno aliugonga kwa ukucha, akainamisha sikio akausikiliza kwa muda mrefu kama afanyavyo mjomba. Hakujua anapaswa kusikia nini, lakini alisikiliza vizuri sana.

Ikabaki tepu ya kupimia. Zilijaa kapu zima, tepu za chuma za kujikunja zenyewe, zote za bei moja. Mtu mwingine angechomoa moja akaenda zake. Bi Ofa hakuwa mtu mwingine. Alizitoa, akazivuta, akazilaza mezani sambamba, namba mia ya hii chini ya namba mia ya ile, akaanza kukagua ncha zao. Zote ziliishia mahali pamoja, isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa imechomoza mbele ya wenzake, upana wa kidole kizima.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Bei ileile, na tepu imezidi! Akaifunika kwa kiganja, mwenye duka asije akaiona akaongeza bei, akaitumbukiza kwenye kikapu chake chini ya nyundo, akalipa, akatoka akitembea kama mtu anayejizuia asikimbie.

Siku ya pili yake akaenda kwa Mama Cherehani kupima. Mama Cherehani alikuwa mama wa makamo ya juu, miwani shingoni kwa kamba, tepu ya kitambaa shingoni vilevile, pini mdomoni. Alikuwa ameshona nguo za nusu ya wanawake wa pale, na nusu nyingine walikuwa kwenye foleni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kupima, umechelewa. Nimeshapima."

Bi Ofa alikuwa na tepu yake mkononi, imeshafunguliwa. "Labda na mimi nipitishe tu, Mama..."

"Upitishe nini?" Mama akazitoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Mwanangu, mimi nimepima viuno vya watu ambavyo haviwezi hata kutulia. Ukuta utanishinda?"

Bi Ofa akairudisha tepu mfukoni. Angefanya nini? Mtu mzima amepima kwa mkono wake, kazi yake ni hiyohiyo ya kupima, halafu wewe wa juzi uje upime tena mbele yake? Ni sawa na kupokea mkono wa mtu kisha ukaunusa. Akasikiliza vipimo, akavirudia kichwani njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani, akafika karakanani hajapoteza hata kimoja.

Kazi ikaanza, na vifaa vikaanza kujieleza. Nyundo ilizoea, kweli, ila ilichozoea ni kuruka. Pigo la kwanza tu, kichwa kikachomoka, kikapita juu ya fundi mmoja, kikatua ndani ya kopo la gundi la fundi mwingine.

"Bi Ofa!" fundi wa gundi akapiga kelele, uso mzima matone. "Hii nayo ni ya bure?"

"Ni nyongeza, kaka."

Tangu hapo mafundi wakawa wanafanya kazi wameinama. Bisibisi ilikuwa na tabia yake pia: ukiizungusha, skrubu ilibaki imesimama imara na bisibisi ndiyo iliyojisokota kama mkia wa nguruwe. Msumeno ulilegea katikati ya ubao kama ulimi wa mtu aliyechoka, ukatoa sauti ya mbuzi anayevutwa asikotaka kwenda. Kila ulipolia, fundi mmoja aliitika, "Meee, tunakuja!" Bi Ofa alicheka nao. Angewakasirikia vipi, na mbuzi kamnunua mwenyewe?

Lakini uvumilivu alikuwa nao, akautumia wote. Kilichopinda alikinyoosha, kilicholegea alikigongea kipande cha bati. Na tepu, mwenzangu, tepu haikumsumbua hata mara moja. Ilivutika laini, ikarudi laini. Aliisifia moyoni kila alipokata.

Kabati likasimama. Lilikuwa kabati kweli: pembe zake zilikaa sawa, rafu hazikutikisika, milango ilifunga kwa sauti ndogo ya "tup" kama mtu anayefumba mdomo baada ya kusema neno zuri. Mjomba alikuja akainama, akaelekeza jicho moja kwenye ukingo, akapitisha kiganja, akaguna. Bi Ofa aliuchukua mguno ule akaenda nao nyumbani, akalala nao.

"Lipeleke kesho," mjomba alimwambia. "Nitapita mchana kulitazama."

Lilipelekwa kwa mkokoteni, kikapu cha vifaa juu yake. Msukuma mkokoteni, mtu wa maneno mengi, alimsaidia kuliingiza chumbani, kati ya cherehani na meza ya kukatia. Wakalielekeza mahali pake, kati ya ukuta na dirisha. Wakasukuma.

Halikuingia.

Wakalirudisha nyuma, wakaligeuza kidogo, wakasukuma tena. Pembe ya mbele ikagota kwenye fremu ya dirisha. Wakajaribu kwa ubavu. Likagoma.

"Ni plasta," Bi Ofa akasema, jasho likimtoka. "Hapa fundi wa nyumba alizidisha plasta."

"Au ukuta umenenepa," msukuma mkokoteni akasema. "Kwa fundi nguo, si ajabu."

"Au ni hewa. Mbao hufura kukiwa na unyevu."

"Dada, mvua haijanyesha tangu tuvune."

Kisha akajifutia mikono kwenye suruali, akasema ana mzigo mwingine, akaondoka na mkokoteni wake.

Mama Cherehani hakuwa amecheka. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena. Akachukua tepu yake shingoni akapima ile nafasi, pua ikikaribia kugusa ukuta. Akaitaja namba. Ilikuwa ileile aliyoitaja siku ya kwanza. Bi Ofa naye akatoa tepu yake ya chuma, akapima nayo kwa mara ya kwanza mle ndani. Yake ikasema pungufu.

"Rudia," Mama akasema.

Akarudia. Pungufu tena, upana wa kidole.

Mama akakaa kwenye kiti cha cherehani kama mtu aliyeangushwa. "Basi ni mimi," akasema. "Yako ni ya chuma, mpya. Yangu ya kitambaa, imezeeka pamoja nami. Au ni macho." Akaitupa tepu yake kwenye meza ya kukatia. "Juzi nilimshonea mteja wangu mmoja sketi, ikambana. Nikamwambia amenenepa, akanuna. Kumbe ni mimi. Na fundi nguo akishaharibikiwa macho, mwanangu, mikono itajua nini?"

Bi Ofa akaivuta tepu yake, akaiachia ikajikunja.

"Usiogope," Mama akaendelea, sauti imeshuka. "Mjomba wako akija nitamwambia mwenyewe kwamba nilikupa vipimo vibaya. Kabati halina kosa. Usije ukaikosa meza yako kwa sababu ya uzee wangu."

Na hapo ndipo Bi Ofa, akiwa bado ameishika tepu, akakumbuka mahali alipowahi kukiona kidole kile. Alikiona kimechomoza mezani, mbele ya wenzake, kwenye duka la bei zilizolala.

Akasogea kwenye meza ya kukatia kama anayepanga vitambaa. Akailaza tepu ya Mama, akailaza na yake kando, namba mia kwa namba mia. Kidole kilekile. Kile kibati cha mbele kinachong'ata ukingo wa ubao kilikuwa kimepachikwa mbali na namba zake. Kila ubao aliokata ulikuwa umezidi kidole, na kila nafasi aliyopima ilikuwa imepungua kidole. Tepu haikuwa imezidi kitu. Ilikuwa inadanganya tu, na kati ya tepu zote za kapu lile, aliitafuta hiyo, akaipata, akaificha isije ikapandishwa bei.

Mama alikuwa amempa kisogo, anajifuta uso kwa kipande cha bitana.

Ilikuwa rahisi sana. Arudishe tepu mfukoni, basi. Mama mwenyewe ameshasema. Mjomba atakuja, ataguna, atamhurumia Mama, na kesho meza ya dirishani itakuwa na mwenyewe. Wazo lile lilimkaa vizuri kama kiti chenye mto. Alikaa juu yake kwa muda wa kumeza mate. Kisha akamtazama tena yule mama, mabega yale yaliyoinama mbele ya cherehani, akaona kiti kina miiba.

"Mama, njoo utazame."

"Nitazame nini, na macho ndiyo haya?"

"Njoo tu. Macho yako ni mazima kuliko akili yangu."

Mama akaja. Akazitazama tepu mbili. Akaisogeza miwani, akagusa ncha ya ile ya chuma kwa kidole.

"Mbona hii imechomoza?"

"Ndiyo sababu niliinunua."

"Sababu gani?"

"Niliona imezidi." Bi Ofa alitamani sakafu ifunguke. "Bei ilikuwa ileile, Mama. Nikaona... nikaona ni ndefu zaidi."

Mama Cherehani alimtazama kwa muda, akijaribu kuamini. Kisha kikamtoka kicheko ambacho kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikamkalisha kwenye marobota ya vitambaa, machozi yakimtiririka, mkono mmoja ubavuni. "Ndefu zaidi!" Akajaribu kuacha, akashindwa. "Kwa hiyo macho yangu..."

"Mazima, Mama."

"Na ile sketi..."

"Sijui, Mama."

"Mimi najua! Amenenepa! Amenenepa yule, na nitamwambia tena!"

Mjomba akawakuta hivyo, mmoja anacheka mpaka anakosa pumzi, mwingine amesimama kama nguzo, na kabati katikati ya chumba limekaa pasipo pake.

"Kuna msiba au harusi?" akauliza.

Mama Cherehani akajikaza, akajifuta uso. "Ni mimi, kaka. Nilipima vibaya." Akamkonyeza Bi Ofa, mkonyezo mkubwa ambao hata mpita njia angeuona. "Mimi sina meza ya kupoteza."

"Si yeye, Mjomba," Bi Ofa akasema haraka, kabla ujasiri haujapoa. "Yeye alipima sawa. Ni tepu yangu."

Mjomba akaipokea, akaivuta, akaitazama ncha, akaichezesha kwa kidole gumba. "Uliinunua kule."

"Ndiyo."

"Uliona dukani kwamba imezidi?"

"Niliona."

"Na ukaichagua."

"Niliificha kwanza, asije akaniongezea bei."

Mjomba akaugeukia ukuta. Akasimama hivyo muda mrefu, mabega yakitikisika, na hakuna aliyejua kama ni hasira mpaka alipotoa leso akajipangusa macho. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa bosi.

"Nilisema nini kuhusu meza?"

"Kabati likikaa mahali pake, ni yangu."

"Limekaa?"

"Halijakaa."

"Basi kwa nini umesimama?"

Bi Ofa akalilaza kabati, akaanza kuling'oa ubavu mmoja ili apunguze rafu, juu, chini, mgongo na milango. Mjomba alijivutia kiti cha wateja, akakaa, akaomba maji ya kunywa, hakuinua hata skrubu moja. Bisibisi ya kijani ikajisokota. Bi Ofa akanyoosha mkono kuelekea mkasi mkubwa uliokuwa mezani.

"Mkasi wangu hapana!" Mama Cherehani akaruka. "Tupendane, lakini mkasi hapana!"

Akatumia mpini wa kijiko cha zamani, uliochongeka vizuri kuliko bisibisi. Alama zote alizichora kwa tepu ya kitambaa, Mama akiishika upande mmoja, yeye upande mwingine, wakisomeana namba kwa sauti. Msumeno ukalia kama mbuzi, wateja wakachungulia mlangoni, mmoja akauliza kama fundi siku hizi anachinja. Bi Ofa aliendelea. Mkono ulipochoka alibadilisha mkono. Jua liliingia kwa dirisha lile, likatembea sakafuni, likatoka, na yeye bado alikuwa akikata, akipiga randa, akigonga misumari kwa nyundo aliyoizungushia waya kichwani.

Likasimama tena. Wakalishika wawili, yeye na Mama, wakalisukuma. Liligusa ukuta, likagusa fremu, likasita, Bi Ofa akafumba macho. Kisha likateleza likaingia mpaka mwisho, likitoa sauti ya pumzi.

Mjomba akainuka. Akafungua mlango wa kushoto, akaufunga. Wa kulia, akaufunga. Akapitisha kiganja mahali ambapo kabati na ukuta vilikutana. Haikupita hata karatasi.

"Meza ni yako," akasema. "Kununua bado. Kesho twende wote dukani. Mimi nitachagua, wewe utabeba."

"Sawa, Mjomba."

"Na nyundo hiyo usiingie nayo barabarani. Kuna watoto."

Akaaga, akatoka. Mama Cherehani tayari alikuwa amekumbatia marobota yake, anayapanga rafuni moja baada ya jingine, hariri juu, pamba chini, akiongea peke yake kuhusu sketi. Bi Ofa akachukua fagio akafagia maranda na vumbi la mbao, akayakusanya, akayamwaga nje. Akarudi. Akafagia tena palepale palipokwisha kufagiwa, amewapa watu mgongo.

"We mtoto," Mama akasema bila kugeuka, "unalia?"

"Ni vumbi la mbao, Mama."

"Vumbi umeshalitupa."

"Basi ni gundi."